Waridi Likitua, Mke Wangu Huondoka

Mama yangu hupiga simu baada ya swala ya alfajiri. Kwetu Kisauni, Mombasa, kumepambazuka, jogoo wa jirani keshawika, na yeye hajali kwamba huku Uholanzi ni saa kumi za usiku, kwani kwa imani yake mtu mzima aliyelala saa hizo ni mgonjwa. Atanisalimu, atawapitia majirani mmoja mmoja, atanipa habari za mbuzi, kisha ataleta lile swali lililomfanya anunue vocha: "Na mkeo yuko wapi?"

"Yuko kazini, mama."

"Saa hizi?"

"Saa hizi."

Hapo hunyamaza. Mwanzoni nilidhani simu imekatika, kumbe anapima. Mkaza mwana anayetoka usiku wa manane na kurudi jua limepanda, mtaani kwetu hiyo ni habari ya kuzungumzwa kwa sauti ya chini.

Niseme mapema kwamba mke wangu hana siri. Ni Mreno. Tulikutana Diani alipokuwa akifanya kazi hotelini, tukaozeshwa na kadhi mbele ya wajomba zangu, halafu akapata kazi Uholanzi nami nikamfuata. Mambo ya kawaida. Yasiyokuwa ya kawaida ni saa zake za kazi, kwa sababu hazipangwi na binadamu. Zinapangwa na mawaridi.

Aalsmeer ni mji ulio karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, na hapo pana jengo la mnada wa maua ambalo ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa duniani. Mnada wenyewe huenda kinyume na minada yetu ya mbuzi. Bei huanzia juu na kuteremka, mshale ukizunguka kwenye saa ya duara, na mnunuzi wa kwanza kubonyeza ndiye aliyenunua. Ukiharakisha umelipa ghali, ukisubiri kidogo ua limepata mwenyewe. Mawaridi mengi yanayopita hapo yametoka Kenya, hasa Naivasha. Yanakatwa, yanapozwa, yanapakiwa ndege Nairobi, na muda si mrefu yamesimama kwenye ndoo za maji Uholanzi, yakiwa na cheti cha afya kutoka KEPHIS, idara ya Kenya inayokagua afya ya mimea. Mimi nilipokuja sikuwa na cheti cha KEPHIS, na nadhani ndiyo maana mambo yangu yalichukua muda zaidi.

Mke wangu ni mmoja wa wale wanaoyapokea. Anayachambua, anayapanga kwenye ndoo, anaendesha kigari cha umeme kinachovuta msururu wa vitoroli. Ndege ikiwahi, anaitwa mapema. Ndege ikichelewa, naye anachelewa. Ukungu ukitanda Schiphol, anakaa kitandani na kutazama dari. Na kuna siku ambazo dunia nzima hutaka maua kwa pamoja: tarehe 14 Februari, tarehe 8 Machi, na Siku ya Mama, ambayo Waholanzi huiadhimisha Jumapili ya pili ya Mei. Siku hizo zinapokaribia, mimi huwa mjane wa muda. Wapendanao wa Ulaya wakipeana mawaridi na kushikana mikono, nami nakula chakula changu cha jioni na redio.

Hakuajiriwa na mnada. Yuko chini ya kampuni ya kukodisha vibarua ambayo sitaitaja jina, maana bado inatulipia kodi ya nyumba. Mkataba wake ni ule wa kuitwa: ukihitajika unaitwa, usipohitajika huitwi. Sheria ya Uholanzi, tangu mwaka 2020, inamtaka mwajiri amwite mtu wa namna hiyo si chini ya siku 4 kabla. Sheria nzuri. Lakini simu ya usiku huwa haisemi "njoo". Husema "je, ungeweza kuja?", na ombi halivunji sheria ya mtu. Programu yake kwenye simu ina mlio wa tone la maji. Tone likidondoka, mke wangu hukaa kitako kabla hajafungua macho.

Sasa tuje kwenye kadi yangu ya ukaazi.

Umoja wa Ulaya una sheria yake ya mwaka 2004, maarufu kwa namba 2004/38. Inasema kwamba raia wa nchi moja ya Umoja akienda kufanya kazi katika nchi nyingine, mwenzi wake ana haki ya kuishi naye huko, hata mwenzi huyo akiwa ametoka Kisauni. Visa yake ya kuingilia haina ada. Akishafika anaomba kadi ya ukaazi ya mwanafamilia, nayo inatakiwa itoke ndani ya miezi 6 na kwa kawaida hudumu miaka 5. Ukiisoma sheria hiyo umekaa, na chai ipo mezani, utasema Wazungu hawa ni ndugu zetu kabisa.

Kuna rafiki yangu wa Malindi aliyeoa Mholanzi halisi. Huyo, kabla hajapanda ndege, ilimbidi afanye mtihani wa Kiholanzi na wa desturi za nchi ubalozini Nairobi, na mkewe athibitishe kipato cha kutosha. Mimi niliyeoa Mreno sikuulizwa hata salamu. Yaani Mholanzi akitaka kuleta mume nchini kwake, masharti yake ni mazito kuliko ya Mreno aliyehamia juzi. Rafiki yangu hajalikubali jambo hili mpaka leo na kila tukikutana hunitazama vibaya, utadhani mimi ndiye niliyekaa Brussels nikaitunga sheria hiyo.

Cheti cha ndoa hakikunisumbua sana. Kilikuwa na saini ya kadhi, kikapigwa mhuri wa wizara Nairobi, kikapigwa mhuri mwingine ubalozini, kikarudi kikiwa kizito kidogo. Pasipoti ninayo. Anwani tulishaiandikisha manispaa. Likabaki jambo dogo: kuthibitisha kwamba mke wangu ni mfanyakazi.

Kuna fomu ambayo mwajiri huijaza. Jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba, na kisanduku cha saa za kazi kwa wiki. Karani wa ile kampuni ni kijana muungwana, amechana nywele vizuri, na ni mtu wa kufuata maandishi. Mkataba unasema kampuni haimhakikishii mfanyakazi saa yoyote. Basi karani akachukua kalamu, akaandika kwenye kisanduku: 0.

Hati hiyo ilifika nyumbani asubuhi ambayo mke wangu alikuwa ametoka zamu iliyodumu saa 11. Aliisoma amesimama, koti halijavuliwa, kipande cha jani kimenasa kwenye nywele. Akaisoma tena. Kisha akaketi sakafuni na viatu vyake vya kazi, vile vyenye chuma mbele, akacheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Tulimwomba karani airekebishe. Akasema anaelewa kabisa, akarekebisha, na safari hii kisanduku kikasomeka: 0 hadi 48. Hakusema uongo. Hata umri wangu uko kati ya 0 na 48, ila sidhani kama kuna ofisi ingenipa pasipoti kwa maelezo hayo.

Ikabidi tutegemee hati za mshahara. Vibarua wa namna hii hulipwa kwa wiki, kwa hiyo kila wiki ina karatasi yake, na zote zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni nyuma ya mlango pamoja na risiti za mchele. Nilizimwaga kwenye zulia nikazipanga kwa tarehe. Wiki moja ya Januari: saa 4 na robo. Wiki ya pili yake: saa 13. Kisha ikaja Februari na saa zikafurika. Kisha katikati ya Machi zikakupwa ghafla, kama maji ya Tudor, ukaona matope. Nilikaa na kikokotoo usiku kucha nikitafuta wastani, kwani idara ya uhamiaji huwa na kigezo chake: kazi ikifika asilimia 40 ya saa kamili, au kipato kikizidi nusu ya kiwango cha posho ya ustawi, basi hiyo ni kazi halisi. Ukianza kuhesabu Februari, mke wangu ni mchapakazi wa kupigiwa mfano. Ukianza kuhesabu katikati ya Machi, ni mama wa nyumbani anayependa kunusa maua. Ndoa yangu ilitegemea nianzie wapi.

Katika mji wetu kuna dawati la msaada wa sheria, na siku ya zamu yangu nilimkuta bwana mmoja mstaafu mwenye sweta lenye viraka viwikoni. Alizitazama hati zangu, akaitazama ile sifuri ya karani wetu, akatabasamu kwa namna ya mtu aliyeulizwa kuhusu mchezo anaoupenda. Ndipo nikafahamishwa kwa wazee wangu.

Wa kwanza ni Bi Levin. Alikuwa Mwingereza, mumewe si raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Ulaya bali alitoka Afrika Kusini, nao waliishi hapa hapa Uholanzi. Bi Levin alinyimwa ruhusa ya ukaazi, na hoja ikawa kwamba kazi yake ilikuwa ya saa chache. Mwaka 1982 Mahakama ya Ulaya, iliyopo Luxembourg, ikasema kazi ya saa chache nayo ni kazi, mradi iwe ya kweli, isiwe ya mzaha. Wa pili ni Bwana Kempf, Mjerumani, mwalimu wa muziki, tena hapa hapa Uholanzi, aliyekuwa na vipindi 12 kwa wiki na kuongezewa posho ya serikali. Mwaka 1986 naye akakubaliwa. Kisha yule bwana akavua miwani, akasema kwa heshima: "Na kuna Bi Raulin."

Bi Raulin alikuwa Mfaransa. Mwaka 1986 alipata mkataba wa kuitwa, wa kuhudumia wateja mezani, na tangu tarehe 5 hadi tarehe 21 Machi akafanya kazi saa 60. Halafu hakuitwa tena. Baadaye akaanza masomo ya sanaa, akaomba msaada wa fedha za masomo, akaambiwa yeye si mfanyakazi. Kesi ikafika Luxembourg, na mwaka 1992 majaji wakasema mkataba wa kuitwa peke yake haumwondolei mtu ufanyakazi wake. Nilitaka kushangilia. Yule bwana akaniinulia kidole: majaji hao hao waliongeza kwamba mahakama ya nchi inaruhusiwa kutazama jinsi saa zilivyo haba na zisivyo na mpangilio. Kwa maneno mengine, mlango uko wazi, ila bawabu anaruhusiwa kukukagua.

Hata hivyo nilirudi nyumbani nikitembea kwa madaha. Watu watatu, wote wageni, wote katika nchi hii hii ya mvua za kando kando, walishapigania ile sifuri kabla mimi sijajua hata kuvaa soksi. Nikampigia mama kumweleza. Nilidhani habari za majaji zitampita. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwani baba yako alikuwa na saa ngapi kwa wiki?"

Baba yangu alikuwa mvuvi. Kuna usiku alitoka saa nane, kuna usiku saa kumi, kulingana na bamvua na maji mafu. Kusi ikivuma vibaya alikaa barazani wiki nzima akishona nyavu na kugombana na kila apitaye. Bahari ikitulia hatukumwona. Tulikula, tukasoma, na hakuna mtu aliyewahi kusema mzee hana kazi.

"Waambie hao," mama akasema, "baba yako alikuwa na mkataba na mwezi. Na huyo mkeo ana mkataba na maua. Shida iko wapi?"

Tangu siku hiyo hakuuliza tena mkaza mwana yuko wapi. Alianza kuuliza kama ndege imetua.

Lilikuja pia suala la saini. Ukurasa mmoja wa fomu ya maombi ya kadi hutiwa saini na raia wa Ulaya mwenyewe, na katika wiki ile sisi wawili tulikuwa tukipishana tu ngazini. Nikamtilia ukurasa kwenye mkoba wa chakula, chini ya sambusa. Ulirudi na saini, na duara la maji ya ndoo, na alama ya mafuta iliyokuwa yangu. Saini yenyewe ilitiwa wakati wa mapumziko, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya ghala, na haikufanana na ile ya kwenye pasipoti. Ukurasa ukarudishwa, tukatia mwingine, huu akausainia jikoni akiwa amelala nusu, nao ukatoka vizuri kuliko wa pasipoti.

Nikapewa stika ya kusubiria katika pasipoti, ikiniruhusu kuishi na kufanya kazi, na maisha yakaendelea. Kisha ikaja barua ya kutuita kwenye mahojiano. Tarehe ilikuwa siku chache kabla ya tarehe 14 Februari.

Idara zina haki ya kuchunguza ndoa za kughushi, sheria yenyewe inasema hivyo, na siwalaumu. Mume na mke huketishwa vyumba viwili kwa wakati mmoja, huulizwa maswali yale yale, kisha majibu hulinganishwa. Mke wangu aliingia moja kwa moja kutoka zamuni, na harufu ya majani mabichi ikaingia naye. Akapelekwa kulia, mimi kushoto. Aliyenihoji alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imefungwa kwa mnyororo. Nami nilikuwa nimevaa suti ya harusi.

"Jana jioni mlikula nini?"

Wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikajibu, kwani ndivyo nilivyopika na ndivyo nilivyokula. Baadaye, kwenye basi, nilijua kwamba chumba cha pili kilisema: jana jioni sikula, nilikuwa nimelala, wali nimekula leo asubuhi. Ofisa wa huko akauliza kama ni desturi yetu kufungua kinywa kwa wali na samaki. Mke wangu akasema hapana, hicho kilikuwa chakula cha jioni.

"Nani huamka wa kwanza?"

Nikasema yeye. Naye akasema mimi. Na sote tulisema kweli, maana saa saba za usiku anapoamka mimi nakoroma, na saa tisa za alasiri anapoamka mara ya pili ananikuta nimeshapiga deki.

"Nani huzima taa chumbani?"

Nikafikiri sana. Nikasema sikumbuki mara ya mwisho sote wawili kuwa chumbani humo na kuwe na haja ya taa.

"Unalala upande gani wa kitanda?"

Kushoto. Niliulizwa mara mbili, nikajibu mara mbili. Yule mama akaandika, akatoka, akakaa kidogo, akarudi na karatasi ya mwenzake. Akaziweka pamoja mezani, akavua miwani.

"Mke wako naye anasema analala kushoto."

"Ndiyo."

"Nyote wawili?"

"Upande wa kushoto ndio ulio karibu na bomba la joto, bibi. Huu ni mwezi wa Februari."

"Nyote wawili kwa pamoja?"

"Tungependa."

Hakucheka. Ila kalamu aliitua.

Hapo ndipo nilipotoa bahasha yangu. Yule bwana wa dawati la sheria alikuwa amenishauri nibebe chochote kinachoonyesha maisha ya pamoja. Picha za harusi tulikuwa nazo, lakini picha za harusi kila mtu anazo, na wadanganyifu ndio huwa na nzuri zaidi. Kwenye bahasha nilikuwa na vikaratasi vya friji. Sisi hatuonani, kwa hiyo tunaandikiana, na vikaratasi hubanwa mlangoni kwa sumaku ya umbo la dau. Mke wangu Kiswahili alijifunza Diani, kwa wapishi, na amezoea kazini kuandika tarehe na saa kwenye kila lebo ya ndoo. Basi hata ugomvi wetu una tarehe na saa.

*Samaki mimi kula yote. Pole mume.* Tarehe, saa.

*Sawa. Sabuni ya vyombo imekwisha.* Tarehe, saa.

*Wewe nunua.*

*Mimi nilinunua ile iliyopita.*

*Ile iliyopita ilikuwa ya nguo!*

*Sabuni ni sabuni.*

*SABUNI!!!*

Ugomvi huo ulichukua sehemu kubwa ya Novemba. Na kwa kuwa nyaraka ambazo si za Kiholanzi, Kiingereza, Kifaransa wala Kijerumani sharti zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, nilikuwa nimempelekea bwana mmoja, mzaliwa wa Tanga, anayetoza kwa neno. Alitafsiri kila kikaratasi, akapiga mhuri kila ukurasa, akahifadhi alama zote za mshangao kama kiapo chake kinavyomtaka. Aliponikabidhi faili alinisogelea sikioni. "Kaka," akasema, "kanunue sabuni."

Yule mama akasoma tafsiri yote, ukurasa kwa ukurasa, na mihuri yake. Sijui katika kazi yake amewahi kusoma mangapi, lakini hili lilimshika. Alipofika mwisho akainua macho.

"Hatimaye nani aliinunua?"

"Yeye," nikasema.

Akatoka tena, nadhani kwenda kuuliza chumba cha pili. Ndilo swali pekee la siku ile ambalo vyumba vyote viwili vililijibu sawasawa, mimi kwa aibu, mke wangu kwa sauti iliyopenya ukuta. Ndoa unaweza kuighushi, na picha pia, na hata barua za mahaba. Sijaona bado mtu wa kukaa na kughushi wiki tatu za sabuni ya vyombo.

Tulitoka tukapanda basi. Njiani tukalinganisha majibu, tukaanza kugombania samaki, na kabla hatujafika kituo cha tatu tone la maji likadondoka kwenye simu. Ndege ya Nairobi imewahi. Akashuka, akavuka barabara, akapanda basi la kurudi Aalsmeer, nami nikaendelea nyumbani na suti yangu.

Barua ya kukubaliwa ilifika majira ya kuchipua. Ilisema kwa ufupi kwamba kazi ya mke wangu ni ya kweli na halisi. Haikutaja sifuri wala sabuni. Kadi sharti uichukue mwenyewe kwa miadi, na miadi yangu iliangukia wiki ile kabla ya Siku ya Mama, kwa hiyo naam, nilikwenda peke yangu. Nikampigia mama. Akauliza ina miaka mingapi, nikamwambia mitano, akasema si haba, kisha akauliza kama mwaka huu naye ataletewa maua au maua ya Kenya ni ya wakwe wa Ulaya tu.

Nikishakaa miaka 5 nitaweza kuomba kadi ya kudumu, na hiyo nayo itataka ushahidi wa kazi wa kipindi chote. Kwa hiyo nina mfuko mpya wa nailoni nyuma ya mlango, huu bila risiti za mchele. Nawe ndugu yangu ambaye mwenzio hufanya kazi za kuitwa, hotelini, hospitalini, ghalani au bandarini, usitupe hati ya mshahara hata iwe ya saa nne na robo. Fanya wastani wako mwenyewe wa miezi mingi kabla mtu mwingine hajakufanyia wa wiki mbaya. Fomu ya mwajiri isome pale pale dirishani, karani akiwa bado amekaa. Akiwa ameandika sifuri, mrudishie. Na akikuambia sifuri ndiyo sheria, mtajie Bi Raulin, mwaka 1992, saa 60.

Kuhusu kitanda, kubalianeni mapema.